Kichwa cha Tano

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye ukuta wa jirani, mpiga rangi viatu hupita mbele ya nyumba yangu hapa Kamalondo, Lubumbashi. Haiti wateja kwa mdomo. Anagonga kisanduku chake kwa mgongo wa brashi, ko, ko, ko, halafu ananyamaza na kungoja mtu afungue mlango. Kugonga kwenyewe hakunisumbui. Kinachonisumbua ni ule ukimya unaofuata. Mkono wangu unakaza ukingo wa kiti, na midomo inaanza kuhesabu yenyewe. Mmoja. Wawili. Watatu.

"Nkambo, uko unahesabu nini?" mjukuu wangu Bijou aliniuliza juzi. Alikuwa amesimama mbele yangu na kikombe cha chai, akikipuliza kwa niaba yangu.

"Viatu vya bantu," nikamjibu.

Akacheka, maana barabara ilikuwa tupu. Uongo mdogo, mtasema. Mimi siogopi uongo mkubwa. Uongo mkubwa unajulikana upesi. Ule mdogo ndio nimeishi nao tangu nina miaka kumi na moja.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa saa na filimbi, na mimi nilikua nikiamini kwamba kila kinachotembea duniani kina ratiba yake. Mama alikuwa mtu wa Kasenga, kwenye mto Luapula, pale ambapo ukitazama ng'ambo unaona Zambia. Likizo kubwa ya mwaka ule alinipandisha juu ya lori la wachuuzi wa samaki, akanifungia viazi vitamu ndani ya kitambaa, akaniambia maneno ambayo sikuyapa uzito wowote: "Kwa yama yako, kama haujue, sema haujue. Kule hakuna mwalimu wa kukukosoa na kalamu nyekundu."

Yama ndivyo tunavyomwita kaka yake mama. Naye aliniita mwipwa, yaani mtoto wa dada. Kwa watu wa mama, mali ya mwanamume haiendi kwa watoto wake bali kwa watoto wa dada yake, kwa hiyo siku ya kwanza tu Yama Chola alinishika mkono mpaka ukingoni, akaupiga mtumbwi wake kofi ubavuni kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake.

"Hii bwato ni yako, mwipwa. Miye naichunga tu."

Binti yake Musonda alikuwa amesimama nyuma yetu na ndoo kichwani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alijua mto ule kama mimi nilivyojua njia ya kwenda shuleni. Alijua kusukuma bwato kwa mti mrefu bila kulowa hata goti. Akasema taratibu, bila kumtazama mtu, "Bwato ni yake, mais mayi haimujue."

Yaani, lakini maji hayanijui. Yama alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Huyo Musonda ndiye aliyenitia wazimu wa mchanga. Miezi ya ukame, maji yakipungua, katikati ya mto palitokea ufuko mrefu mweupe. Hakuna njia ya miguu ya kufika huko. Upande mmoja ni mto, upande wa pili ni mafunjo yasiyo na mwisho. Hata mbuzi, alisema, hawajawahi kuufikia. Mchanga wake unalia ukiukanyaga. Yama alikuwa na vichanja vyake vya kukaushia samaki huko, naye alikwenda kila wiki kuchukua magunia. Wiki mbili nzima nilimsihi anichukue.

Lakini njia ya kwenda mchangani ilipita kando ya kiziba, sehemu ya mto yenye kina kirefu na maji meusi, na ndani ya kiziba waliishi viboko watano. Mkiwa majini hamsemi jina lao. Mnasema benye nyumba. Na kwa kuwa nyumba ni yao, mnapiga odi. Mnasimamisha bwato ukingoni, mwenye bwato anagonga ubao mara tatu kwa mpini wa kasia, halafu kila mtu ananyamaza. Sauti inashuka kwenye mti, inaingia majini, nao wanatoa vichwa kutazama ni nani. Hapo mnahesabu. Wanne walikaa pamoja siku zote. Wa tano alikuwa dume mzee mwenye sikio lililochanika, aliyefukuzwa na wenzake, na alilala popote alipopenda. Mpaka vichwa vitano vionekane, hakuna anayepita. "Hesabu isipotimia, rudi ukalale," ndivyo walivyosema Kasenga. Nimewaona kwa macho yangu wanaume wazima, nyavu zimejaa ndani ya bwato, wakigeuka kurudi nyumbani kwa ajili ya kichwa kimoja, na hakuna mtu ukingoni aliyewacheka.

Asubuhi ile ya mwezi wa nane kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji kama blanketi ambalo hakuna aliyelikunja. Nilivaa viatu vyangu vya shule, na Musonda alivitazama kwa muda mrefu kabla ya kunipisha nipande. Yeye alikaa mbele na mti wake, Yama nyuma na kasia, mimi katikati juu ya rundo la nyavu zilizonuka moshi na magamba. Tulipofika kwenye kiziba, Musonda alishika mafunjo kwa mikono miwili ili mkondo usituchukue. Ilibidi auelekeze uso ukingoni na mgongo kwenye maji. Mshikaji hawezi kuhesabu. Anayehesabu ni wa katikati au wa nyuma.

Yama akagonga. Ko, ko, ko.

"Hesabu, mwipwa," alinong'ona. "Macho yako ingali mupya."

Nilivimba kwa fahari. Kazi ya mwenye bwato, na nilikuwa nimepewa mimi. Yeye aliinamisha kichwa, kama mtu kanisani, akasikiliza.

Kichwa cha kwanza kilitoka kikipuliza, na mvuke wake ukachanganyika na ukungu. Kisha cha pili, na kando yake kidogo, cha mtoto wake. Kisha cha nne, mbali zaidi, masikio yakizunguka. Nikangoja. Nilitazama mpaka machozi yakanitoka kwa baridi. Maji yalikuwa yametulia kama mafuta kwenye sahani. Hapakuwa na sikio lililochanika.

"Fanya mbio," Musonda alisema huku ameuma meno. Mkondo ulikuwa unamvuta. "Ao kule Lubumbashi banakufundisha paka kuhesabu matrain?" Paka, kwetu, ni tu: kuhesabu treni tu.

Nimewahi kujiambia kwamba niliona kisiki nikakidhani kichwa. Nimewahi kujiambia kwamba ukungu ulinidanganya. Nina umri wa kutosha sasa kusema ilivyokuwa. Niliona wanne, nilijua ni wanne, na nikaona pia kwamba nikisema wanne tutarudi nyumbani, Musonda atasema mtoto wa mjini hata kuhesabu hawezi, na mchanga sitauona.

"Batano," nikasema.

"Bote?"

"Bote, Yama."

Tukapita. Hakuna kilichotokea. Kasia liliingia majini na kutoka, likaingia na kutoka. Kisha ukungu ukapasuka, na mbele yetu mchanga ukaonekana.

Ulikuwa mzuri kuliko alivyosema Musonda. Mweupe, mtupu, wenye mikunjo midogo iliyochorwa na upepo, na ulilia kweli chini ya mguu, sauti nyembamba kama kitambaa kinachochanwa. Nilivua viatu. Musonda, akiwa ameweka chini ufundi wake wote, alikimbia akapiga pindu tatu mfululizo, akaanguka, akacheka peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ni mtoto kama mimi. "Kuya, patron ya bwato!" aliniita. Nilitaka kwenda. Lakini wanne walikuwa kwenye kiziba, na wa tano alikuwa mahali fulani, na duniani kote nilikuwa mtu pekee aliyelijua hilo. Kila samaki aliyeruka majini alinigeuza shingo. Yama alipotukaangia samaki mbichi juu ya moto nilikula bila kusikia ladha, nimekaa nikiutazama mto.

Baadaye alinituma kuokota kuni zilizoletwa na maji upande wa mwisho wa ufuko. Kule nyuma mchanga unakutana na mkono mwembamba wa mto, kamto kamoja kaliko katikati ya mafunjo, kasikopita maboti mengi. Hapo niliziona. Nyayo za vidole vinne, kila moja pana kama sahani ya kulia bukari, ugali wetu, zimetoka kamtoni, zimezunguka kwenye majani na kurudi majini. Nyayo za mmoja tu. Maji yalikuwa bado yanajikusanya taratibu ndani yake.

Nilisimama nimekumbatia kuni. Ningepiga kelele, wangekuja, wangeona, na Yama angeniuliza swali moja tu. Nikaziweka kuni chini. Nikaanza kufuta nyayo kwa mguu wangu, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu, kama mtu anayefuta ubao baada ya somo. Nilipomaliza mchanga ulikuwa mweupe na msafi. Nikaokota kuni, nikarudi.

Mchana upepo wa mwezi wa nane ukainuka. Mto mkubwa ukaanza kutupa mawimbi, na bwato letu lilikuwa limejaa magunia mpaka maji yalikuwa kiganja kimoja tu chini ya ukingo. Yama alisimama amegeuza uso upande wa upepo, akiusikiliza.

"Tukipita na huku tutakunywa mayi," alisema. "Asubuhi benye nyumba balikuwa bote kwa kiziba. Na hii upepo hawatatoka. Tutapita na kamto ya nyuma." Kisha akamtuma Musonda: "Enda kwanza uangalie kwa muchanga kama hakuna alama."

Musonda alikwenda mbio. Nilimtazama akienda, akawa mdogo, akainama, akazunguka. Nilikuwa na muda. Nataka mjue kwamba nilikuwa na muda. Alirudi akitikisa kichwa.

"Hakuna kintu, Baba. Ni paka muchanga."

Yama akanigeukia. Hakunitazama machoni, alitazama kidogo kando ya uso wangu, kama alivyozoea. "Mwipwa. Ulisema batano, sivyo?"

"Ndiyo, Yama."

Mama alikuwa amenipa neno moja tu la kusema, sijui, na lilikuwa hapo, mdomoni. Likabaki hapo.

Kwenye mdomo wa kamto Yama aligonga mara tatu, kwa desturi tu. Tukanyamaza. Mafunjo yalisuguana. Ndege mmoja aliruka na kutua tena. Hapakutoka kichwa, na Yama hakukitazamia, kwa kuwa wote walikuwa kwenye kiziba. Musonda akachomeka mti, tukaingia.

Tulikuwa tumefika nusu. Nilikuwa nimekaza magunia kwa vidole, na niliona mbele kidogo maji yakivimba, bila sauti, kama shuka linapoinuka mtu anapogeuka usingizini. Nikasema, "Yama." Hilo tu, jina lake. Bwato likapanda juu. Kwa kitambo niliona mafunjo kutoka juu, kama mtu aliye darini. Kisha mkono wa Yama ulinishika nyuma ya shati na kunitupa kwenye mafunjo, kama mtu anavyotupa kitu anachotaka kisivunjike. Nilisikia mbao zikikatika. Nilimsikia Musonda akipiga maji kwa mti wake na kupiga kelele, si ya woga bali ya hasira, kelele ya kumfukuza mwizi. Na nililiona sikio. Lilikuwa limechanika.

Wavuvi wawili waliokuwa wakipiga maji kuwaswaga samaki upande wa pili ndio waliotusikia na kuja. Walimkuta Yama ameng'ang'ania nusu ya bwato, maji kumzunguka mekundu, mguu wake wa kulia umekaa vibaya chini ya goti. Hakuwa analia. Alikuwa anaita majina yetu mawili, jina la Musonda na jina langu, akangoja tuitike, akaita tena. Alikuwa anahesabu.

Jioni ile wanaume wa ukingoni walikaa kuuzunguka mkeka wake. Mguu ulikuwa umefungwa kwa vijiti na nguo. Mimi nilipiga magoti nikimshikia kikombe cha maji. Mzee mmoja akauliza swali ambalo Kasenga huulizwa kabla ya swali jingine lolote.

"Nani alihesabu?"

Kikombe kikagonga meno ya Yama. Musonda, aliyekuwa mlangoni na bendeji usoni, alinitazama.

"Miye," Yama akasema. "Ni miye nilihesabu mubaya."

Wanaume wakatikisa vichwa. Mmoja akasema kwamba mtu akizeeka ni vizuri aliache kasia mapema. Yama alikubali, ndiyo, ni kweli. Hakuna aliyeniuliza mimi kitu. Wiki iliyofuata walinirudisha mjini na lori la samaki, na mama alipouliza kilichotokea nilimwambia kiboko ni mnyama mbaya.

Mguu ulipona ukiwa umepinda. Yama hakupanda tena bwato. Alikaa kizingitini miaka yote iliyobaki akishona nyavu za wengine kwa kupapasa, na watoto wa Kasenga walimtania kwa jina la Batano. Urithi wangu ulikuwa umevunjika nao mto ukauchukua. Mimi nilisoma, nikamaliza shule ya sekondari, nikafanya kazi ya kuandika ofisini, nikaoa. Nilimpelekea Yama sabuni na sukari kila mwaka. Sikumpelekea lile neno.

Alikufa nikiwa tayari na watoto watatu. Kwenye matanga nilikaa kando ya Musonda, aliyekuwa mama mnene muuza samaki, na kovu lake shavuni. Tulikula. Kisha nikamwambia. Nilimwambia kwamba asubuhi ile niliona wanne.

Hakushtuka. Aliendelea kufinyanga bukari kwa vidole.

"Nilijua ile siku," alisema. "Mais haukuwa weye peke yako. Baba alikuwa haone."

"Haoni nini?"

"Haone kabisa. Ilikuwa sawa mwaka mbili vile, anaona paka kivuli. Alitukataza kusema, mama na miye, juu bangemunyanganya kiti cha bwato. Njo maana alikuwa anapiga odi na masikio. Siku zote miye nilikuwa namuhesabia, yeye anashika mafunjo, halafu siku ile akakupatia weye, juu bwato ni yako." Akanitazama. "Nilifikiri unajua. Alikuambia macho yako iko mupya."

Niliweka tonge langu kwenye sahani. Musonda alisema, "Kula, itapola," nami nikala.

Nimelizungusha jambo hilo kwa miaka mingi. Nimejaribu kulikata vipande viwili, nimpe Yama kipande chake, kwa kuwa yeye pia alikuwa na neno lililokwama mdomoni, kama mimi langu: lake lilikuwa sioni. Lakini halikatiki sawasawa. Yeye aliwapakia watoto wawili majini akiwa haoni, hilo ni kosa lake, na alililipa kwa mguu. Mimi niliona. Na kuna jambo ambalo sikumwambia hata Musonda siku ile ya matanga, naye sasa amelala kando ya baba yake. Nilimwambia juu ya vichwa. Sikumwambia juu ya nyayo. Yeye alikufa akiamini kwamba hakutazama vizuri mchangani. Alinifia nikiwa bado nimeuficha ule mguu wangu uliofuta. Ninyi ndio wa kwanza kulisikia.

Sasa macho yangu yenyewe yamefunga. Yalianza kama ukungu wa asubuhi, nami nikafanya kama Yama. Kwenye misa nashika kitabu na kuimba kwa kichwa. Wanangu wakija namtambua kila mmoja kwa hatua zake, nasema umenenepa, umekonda, na wanafurahi. Sijamwambia mtu.

Juzi hiyo, baada ya chai, nilitaka kwenda kununua mkate ng'ambo ya barabara. Bijou alinishika mkono. Pikipiki zilikuwa zinapita kwa kelele, halafu lori likapita, na vumbi jekundu likainuka mpaka nikalisikia kwenye meno. Tulisimama ukingoni. Nyuma yetu mpiga rangi viatu aligonga kisanduku chake, ko, ko, ko, akanyamaza.

"Bijou," nikasema, "pikipiki iko ngapi?"

Nilisikia akivuta pumzi. Ana miaka tisa, na anapenda kusifiwa kuliko nilivyopenda mimi.

"Sione muzuri, Nkambo," alisema. "Kuko vumbi. Tungoje."

Vidole vyake vilikuwa vidogo na vya moto ndani ya mkono wangu, na havikuvuta.

"Hata miye sione, Bijou," nikasema. "Si juu ya vumbi. Ni siku nyingi sione."

Hakucheka. Akanikaza mkono, na tukangoja.